Mufalme mwenye jipe, na ndugu zake

Vijana wakiona picha ya mufalme Charles III wa Uingereza akivaa jipe, wanacheka. Mwanaume muzima, tena mufalme! Basi tuseme kwanza hii: ile si jipe. Inaitwa kilti, nguo ya wanaume wa milima ya Skotlandi, inchi ya kaskazini ya ufalme ule.

Zamani ilikuwa kitambaa kimoja kirefu cha manyoya ya kondoo. Mutu alijifunga nacho sawa mama anavyojifunga kikwembe, anakaza mukaba, na sehemu ingine anaitupa kwenye bega. Usiku njo bulangeti yake. Kuna wanaosema kilti fupi ya leo ilitoka kwa Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuru la kuyeyusha chuma kule milimani, miaka ya 1720 na kitu. Aliona wafanyakazi wanasumbuka na kile kitambaa, akakikatisha. Watu wengi wa Skotlandi hawapendi kusikia habari ile, lakini sisi wa inchi ya shaba tunajua vizuri: nguo ndefu na tanuru havipatane.

Halafu ikaja vita. Tarehe 16 Aprili 1746, kule Culloden, jeshi la mufalme George II, likiongozwa na mutoto wake mwenyewe, lilishinda watu wa milima waliotaka kurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme. Sheria ikatoka: mwanaume ao kijana asivae tena nguo ya milima. Ukikamatwa, miezi 6 ya boloko. Ukirudilia, unapelekwa ngambo ya bahari miaka 7. Askari wa mufalme tu njo waliruhusiwa. Sheria ile iliondolewa mwaka 1782. Mutu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzaa bila kumuona baba yake katika nguo ya babu.

Sasa musikilize. Mwezi wa Agosti 1822, George IV, kitukuu cha yule George II, alifika Edinburgh. Karibu miaka 170 hakuna mufalme aliyekanyaga kule. Mwandishi Walter Scott alitengeneza sherehe yote, na mufalme, mutu munene sana, akatokea na kilti nyekundu, rangi za Stuart, ukoo uleule babu zake walioupiga! Nguo zake za safari ile zilikula pauni zaidi ya 1,350. Na katika miaka ileile, kule milimani, wenye udongo walikuwa wanafukuza familia ili waweke kondoo. Sutherland peke yake, maelfu ya watu walitolewa, nyumba zingine zikachomwa moto. Nguo iliingia kwa mufalme, na watoto wa wenye nguo wakapanda mashua kwenda Kanada.

Mutauliza: ile inatuhusu nini? Ngojeni. George IV alikuwa na binti moja, Charlotte. Mwaka 1816 aliolewa na Mujerumani, Leopold wa Saxe-Coburg, na mwaka uliofuata akafa na uzazi. Yule mukwe, Leopold, mwaka 1831 akawa mufalme wa kwanza wa Wabeleji. Kisha akaoa mwingine, akazaa Leopold II, yule aliyejiitia Kongo mali yake tangu 1885 mpaka 1908. Mama ya malkia Victoria wa Uingereza alikuwa shangazi ya Leopold II. Na bwana ya Victoria, Albert, alikuwa mutoto wa baba mukubwa yake. Ndiyo, Victoria na Albert walikuwa ndugu. Kwetu familia nyingi zingekataa ndoa ile mbele hata ya kuongea mahari.

Albert, Mujerumani wa kuzaliwa, alipenda kilti kushinda watu wa Skotlandi wenyewe. Mwaka 1852 walipata shamba la Balmoral, na mwaka uliofuata Albert akachora kitambaa chake, rangi ya majivu. Mpaka leo, mutu wa inje hakivae hivihivi. Ni cha familia ya mufalme, kwa ruhusa yake.

Waliwavalisha hata watoto. Mwaka 1863, kwenye ndoa ya mutoto wa Victoria, mujukuu wake Wilhelm, miaka 4, aliletwa na kilti. Alipoambiwa anyamaze, alimuuma mujomba yake kwenye muguu. Kitoto kile njo Kaisari Wilhelm II. Mwaka 1914 majeshi yake yaliingia Ubelgiji kwa Albert I, mutoto wa ndugu ya Leopold II, na kati ya askari waliotumwa kumupinga kulikuwa watu wa Skotlandi wenye kilti, ndani ya matope ya mahandaki. Mufalme wao, George V, alikuwa mutoto wa mujomba yake. Mwaka 1917 George alitupa jina la ukoo, Saxe-Coburg, juu lilinuka Ujerumani, akatwaa Windsor. Kilti hakuitupa. Charles III ni kitukuu chake.