Kiswahili Shingoni mwa Nyota: Lugha au Shanga?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Hata hivyo, wapo wageni wanaoingia uani, wakatwaa kikoi cha mwenyeji kilichoanikwa kambani, wakakizungusha kichwani, kisha wakaenda kujinadi mijini kwamba hilo ndilo vazi la Kiafrika. Hivyo ndivyo nyota wengi wa filamu, runinga na muziki wa Marekani walivyokitendea Kiswahili kwa zaidi ya miaka hamsini. Hawakukisema, walikivaa. Nacho, kama shanga, kikapendeza shingoni mwao maadamu hakuna aliyewauliza maana yake.

Mwanzo wa mambo haukuwa mbaya. Mwaka 1966, tamthilia ya runinga ya Star Trek ilimleta Luteni Uhura, mhusika aliyeigizwa na Nichelle Nichols, ambaye jina lake lilichotwa kutoka neno 'uhuru'. Watunzi waliona irabu ya mwisho haina uanana wa kike, wakaibadilisha. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia atashangaa irabu hiyo ilikosa nini, kwa kuwa Kiswahili hakina jinsia ya kike wala ya kiume katika nomino zake. Lakini Uhura angalau alipewa heshima: alikuwa afisa, alikuwa na akili, na katika baadhi ya vipindi alikisema Kiswahili chenyewe. Waliomfuata hawakujisumbua kiasi hicho.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa karamu ya maneno yasiyo na mwenyewe. Mwaka 1983, Lionel Richie alitoa wimbo 'All Night Long', na katikati yake akatia maneno yenye mahadhi ya Kiafrika. Wapo waliodhani ni Kiswahili. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba aliyabuni tu. Mwaka 1985, wasanii mashuhuri walipokusanyika kurekodi 'We Are the World' kwa ajili ya waliokumbwa na njaa Ethiopia, Stevie Wonder alipendekeza kiwemo kipande cha Kiswahili. Ikabidi wakumbushwe kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Nia ilikuwa njema bila shaka, ila ni nia ya mtu anayempelekea mgonjwa wa Kisumu barua ya pole kwa Kizulu, kwa hoja kwamba wote ni Waafrika.

Kilele kilifikiwa mwaka 1987 katika albamu Bad ya Michael Jackson. Humo mna wimbo unaomsifu msichana wa Liberia, nchi iliyo Afrika Magharibi. Wimbo huo unafunguliwa kwa maneno ya Kiswahili, lugha ya Afrika Mashariki, yanayotamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Kwa dakika chache bara zima lilikunjwa likatiwa mfukoni mwa Mmarekani mmoja. Jackson alikuwa fundi wa sauti na wa miguu asiye na mfano. Jiografia haikuwa miongoni mwa vipaji vyake.

Kisha ikaja filamu The Lion King ya kampuni ya Disney mwaka 1994. Shujaa wake ni simba, na jina lake ni Simba. Ni sawa na mwandishi wa riwaya ampe mhusika mkuu jina Mtu, halafu asubiri pongezi kwa ubunifu. Ngiri amepewa kitenzi kuwa jina: Pumbaa. Fisi nao ni watatu: mmoja ana jina la Kijapani, Banzai, mwingine la Kiingereza, Ed, na wa tatu, kiongozi wao, anaitwa Shenzi. Hapa kicheko kinapaswa kukoma kidogo. Neno hili waungwana wa pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara, na masetla wakaja kuwatukana nalo wafanyakazi wao. Katika filamu ya watoto limekuwa jina la kuchekesha. Aliyetohoa matusi bila kujua uzito wake hakukopa lugha. Aliokota kokoto akidhani ni lulu.

Kisa cha 'hakuna matata' kinafahamika zaidi. Kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilikuwa limekwisha kuyaeneza maneno hayo kupitia wimbo 'Jambo Bwana' wa mwaka 1982, na mwaka uliofuata kundi la Boney M likautoa upya Ulaya. Disney walipoyafanya wimbo, kwa muziki wa Elton John na maneno ya Tim Rice, waliomba pia alama ya biashara nchini Marekani, wakaipata mwaka 2003. Mwaka 2018 malalamiko yakazuka mtandaoni, na wengi wakadhani Mswahili atashtakiwa akimtuliza mwenzake. Ukweli ni kwamba alama hiyo ilihusu mavazi yanayouzwa huko, si ndimi za wasemaji. Lakini aibu haipungui kwa sababu sheria imetimizwa. Kampuni ilijua thamani ya maneno mawili ya Kiswahili. Wenye Kiswahili walikuwa wangali wanayapokea watalii kwayo bure.

Je, mambo yamebadilika? Kidogo. Filamu Black Panther ya mwaka 2018 ilibuni nchi ya Wakanda, jina ambalo sikio la Mswahili hulipokea kama wingi wa ngeli ya kwanza. Wakazi wake, hata hivyo, wanasema Kixhosa. Mwaka uliofuata, Beyoncé aliufungua wimbo wake wa The Lion King mpya kwa salamu ya Kiswahili kwa mfalme, iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ilhali Mswahili angesema 'mfalme adumu' na kumaliza. Fedha zilikuwepo, studio ilikuwepo, sauti ilikuwepo. Mhariri wa Kiswahili ndiye aliyekosekana, naye ndiye angekuwa rahisi kuliko wote.

Wapo watakaosema kwamba kelele hizi ni za bure, kwa kuwa lugha inayotajwa na nyota inapata umaarufu. Hoja hiyo haina mashiko. Umaarufu wa neno moja si umaarufu wa lugha. Mamilioni wanaojua 'hakuna matata' hawajui sentensi ya pili. Isitoshe, njia bora ipo na imejaribiwa. Mwaka 2005 mtunzi Mmarekani Christopher Tin aliitungia muziki Sala ya Bwana kwa Kiswahili kamili, wimbo 'Baba Yetu', kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV. Mwaka 2011 ukashinda tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka mchezo wa kompyuta kufanya hivyo. Tin hakuokota neno. Alichukua matini nzima akaiheshimu.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Anayemcheka Jackson na awashe runinga ya Kenya jioni moja. Katika vichekesho na tamthilia nyingi, bawabu, mpishi na mlevi ndio wanaosema Kiswahili, tena cha kuvunjavunja ili watu wacheke. Wakili, daktari na tajiri wanasema Kiingereza. Watangazaji wa burudani hunyunyiza 'mambo vipi' mwanzoni na 'asanteni' mwishoni, na kati yao ni Kiingereza cha Atlanta kilichopitia Buruburu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini nyota wa nyumbani wanakivaa vilevile kama wa ng'ambo: shanga za sherehe, si nguo ya kila siku.

Kwa hiyo vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi kubwa kuliko kulalamika. Wanafunzi wao wanaweza kuandika miswada ya filamu ambamo daktari anamweleza mgonjwa maradhi yake kwa Kiswahili sanifu bila yeyote kucheka. Wanaweza kutafsiri manukuu ya filamu na kuitoza studio ada ya kazi hiyo. Wanaweza kuhakiki nyimbo kwa ukali uleule wanaouelekeza kwa riwaya. Hollywood haitamtafuta mhariri ambaye hajajitangaza, na runinga ya Nairobi haitamheshimu msemaji asiyejiheshimu. Lugha isiyodaiwa na wenyewe huokotwa na wapita njia, na mwokotaji hana lawama kuliko aliyeiacha barabarani.