Vazi la Kuzamia la Mwanamke

Mwanamke wa Malindi au Kilifi aliyeazimia kuzamia katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu mwaka 1968, hana haja ya kughilibiwa na muuzaji hata akanunua vazi zito la mpira lililokusudiwa bahari baridi za Ulaya, kwani maji yetu, hata wakati wa Kusi, ni ya uvuguvugu, na unene wa milimita 3 aghalabu wamtosha. Yafaa alijaribu dukani, limkamate kifua, kiuno na nyonga pasipo kumziba pumzi, maana likipwaya maji huingia na kutoka, na joto hutoweka. Anayeona haya kwa jinsi libanavyo, na avae kaptura pana juu yake. La mtumba lililofumuka mishono, hata likiwa rahisi, si la kununuliwa.