Askari wa Samora
Wiki hii foleni ilitukamata Posta, Dar es Salaam, nikawaona watalii wenye kofia pana wakivuka Barabara ya Samora mbiombio kwenda kuipiga picha Sanamu ya Askari. Konda wetu akacheka: "Wanapiga picha kipilefti!" Daladala nzima ikacheka, nami nimo. Shaba ile imesimama pale tangu 1927, singe ya bunduki ikielekea bandarini, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, Waingereza wakaing'oa. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, wala majina yao hayakuchongwa pale. Maelezo yapo, tena kwa Kiswahili, lakini nani kati yetu husimama kuyasoma? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji hata kutazama tumemwachia mgeni, na hiyo ni aibu yetu, tusiisukumie manispaa. Walimu wa Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi hao, waleteni watoto. Ni mwendo wa miguu, na kiingilio hakuna.