Kifaransa: mwalimu kwanza, simu baadaye



Wengi mmetuuliza: anayeanza Kifaransa atafute mwalimu au ajisomee mwenyewe nyumbani? Sisi tumejaribu yote mawili, na rai yetu ni hii: anza na mwalimu, japo kwa miezi mitatu tu.

Tulianza wenyewe kwa simu, usiku watoto wakishalala. Maneno tukayahifadhi, madaftari yakajaa. Siku alipokuja mgeni Mfaransa kwenye biashara yetu ya viungo, hatukuambulia hata neno. Kumbe tulikuwa tukisoma kila herufi kama Kiswahili! "Beaucoup" tuliitamka na "p" yake mwishoni, wenyewe husema "boku". "Les amis" wenyewe husema "lezami". Haya iliyotushika, Mungu anajua. Mwenzetu mmoja aliacha siku ile ile, akasema lugha hii si ya watu wa umri wetu.

Hapo ndipo tulipokumbuka chuoni. Nani kati yetu alijifunza makhraji kwa kuutazama msahafu peke yake? Tulikaa mbele ya mwalimu, tukasoma, akatukosoa, tukarudia. Lugha ni vivyo hivyo. Kosa la ulimi lisiporekebishwa mapema huota mizizi. Na bahati yetu, ile "r" ya Kifaransa hutokea kooni, karibu na ghaini tuliyofunzwa utotoni. Mwalimu alipotuambia hivyo, darasa zima lilicheka kwa furaha.

Hatusemi kujisomea hakuna faida. Mwalimu wa saa mbili kwa wiki hawezi kukuhifadhia maneno. "La table" ni ya kike, "le livre" ni ya kiume, na dawa yake ni kulihifadhi kila jina pamoja na "le" au "la" yake. Sisi wenye ngeli za Kiswahili tusilalamike, wao wanazo mbili tu! Ukishapata msingi, sikiliza RFI, wana taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi. Hiyo unaisikiliza huku unakuna nazi.

Na ada je? Changishaneni. Wanawake watano wakimlipa mwalimu mmoja, mzigo unakuwa mwepesi, na darasa linaweza kuwa ukumbini kwa mmoja wenu.

Tunachokionea uchungu ni kuacha kwa sababu ya haya. Wengi wetu tuna jamaa Ngazija, na watoto wao wanasoma skuli kwa Kifaransa. Wageni nao wanakuja kila msimu. Anayetaka cheti, mitihani ya DELF huanzia ngazi ya A1, na cheti chake hakiishi muda. Elimu haimuulizi mtu umri.

Basi mwenzetu uliyeacha, kama unasoma hapa, mkeka wako bado upo. Jumamosi, baada ya alasiri, InshaAllah.