'Ndesa Pesa': Je, ni hela tu zilizomweka bungeni miaka 15?

Ukitaja jina la Philemon Ndesamburo kwenye kijiwe chochote cha Moshi, mjadala hauchelewi kufika kwenye mfuko wake. Mzee alikuwa na hela, alimiliki hoteli za Keys, na watu walimwita "Ndesa Pesa" bila kificho.

Wapo wanaosema huo ndio ulikuwa uongozi wake wote: tajiri aliyemudu kununua mapenzi ya wapiga kura. Wengine wanasema Moshi haitapata tena mbunge mwenye moyo ule. Ukiitazama rekodi yake, kila upande unaacha kitu nje.

Alishinda wakati chama chake ni kichanga

Ndesamburo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chadema. Mwaka 2000 aliingia bungeni kupitia Moshi Mjini, wakati chama hicho kiliambulia majimbo manne tu nchi nzima. Mengine yalikuwa Hai, Karatu na Kigoma Mjini.

Mtihani mkubwa ulikuja 2005. Freeman Mbowe aliiacha Hai akawanie urais, na jimbo likaenda CCM. Kilimanjaro nzima, Chadema ilibaki na mbunge mmoja tu wa jimbo: Ndesamburo. Mwaka 2010 akashinda tena, na safari hii chama chake kikachukua hadi halmashauri ya manispaa.

Hela zilimsaidia vipi?

Zilimsaidia, hilo halina ubishi. Lakini zama zenyewe zikumbukwe. Uchaguzi wa 2000 na 2005 ulifanyika sheria ikiruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006. Kwa mpinzani asiye na kitu, uwanja ule ulikuwa mlima. Ndesamburo alimudu kuupanda kwa gharama zake.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mwanasiasa mwenye biashara yake halazimiki kutafuta cheo ili ale. Wapinzani wengi wa kizazi chake waliyumba, wakahama, wengine wakarudi walikotoka. Yeye alibaki Chadema mpaka anaingia kaburini, akiwa mwenyekiti wa chama mkoa.

Mfano wa Mrema

Hela peke yake haielezi siasa za Kilimanjaro. Augustino Mrema hakuhitaji utajiri kujaza viwanja. Mwaka 1995 alipata zaidi ya asilimia 27 ya kura za urais kupitia NCCR-Mageuzi, na mwaka uliofuata akachukua ubunge wa Temeke, mbali kabisa na nyumbani kwao.

Kwa mvuto wa jukwaani, Mrema alikuwa juu. Lakini alihama kutoka CCM kwenda NCCR, kisha TLP, na kila alipohama ilibidi aanze upya. Alirudi bungeni 2010 kupitia Vunjo, akalipoteza jimbo 2015. Ndesamburo hakuwa na moto ule, ila alikaa sehemu moja akajenga. Kwenye siasa, kutulia nako ni ujanja.

Pale lawama inapokuwa na uzito

Tatizo la mbunge tajiri ni kwamba wananchi huzoea. Msiba ukitokea, kwa mbunge. Ada ikipungua, kwa mbunge. Taratibu watu wanasahau kuibana halmashauri na serikali, ambazo ndizo zinakusanya kodi. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Kuwa benki ya jimbo haimo.

Hela ya mfukoni pia haina ukaguzi. Hakuna anayeweza kuuliza kwa nini fulani alisaidiwa na jirani yake akaachwa. Mfuko wa jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, angalau ni fedha ya umma, na mwananchi ana haki ya kuihoji.

Hata siku yake ya mwisho ilibeba sura hiyo ya utoaji. Alifariki Mei 31, 2017, akiwa na miaka 82. Taarifa za wakati ule zilisema alikuwa akiandaa hundi ya rambirambi kwa familia za wanafunzi wa Lucky Vincent ya Arusha, waliofariki kwa ajali ya basi Karatu mwezi huohuo. Ni wema usiopingika. Ila wema wa mtu mmoja huisha siku anapoondoka.

Alichoacha

Hapa ndipo alama zake zinapopanda. Mwaka 2015 hakung'ang'ania kiti. Alimwachia Jaffary Michael, aliyekuwa meya, na Chadema ikashinda Moshi Mjini bila jina la Ndesamburo kwenye karatasi ya kura. Wanasiasa wakongwe wanaofanya hivyo ni wachache.

Jimbo lilikwenda CCM mwaka 2020, katika uchaguzi ambao upinzani ulilalamikia matokeo yake kote nchini.

Leo Chadema imejaribu njia nyingine ya kupata hela: kampeni ya "Tone Tone" iliyoanza 2025, mwanachama mmoja mmoja akitoa alichonacho. Ni ngumu kuliko kumtegemea tajiri mmoja, lakini anayechanga ana haki ya kuuliza zimekwendaje.

Kwa hiyo "Ndesa Pesa" lilikuwa jina la haki, ila halikutosha. Hela zilimfungulia mlango. Kilichomweka ndani miaka 15 ni msimamo na kuandaa watu wa kumrithi. Tajiri mwingine akija Moshi kuomba kura na bahasha mkononi, wapiga kura wamuulize hayo mawili kwanza.