Kuhama chuo: Haki iliyomo katika kanuni, mzigo ulio mabegani mwa mzazi

Na Mwandishi Wetu, Rungwe

KYIMO ni kata iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Msafiri apitaye hapo huikumbuka kwa mikungu ya ndizi. Ndizi hizo, pamoja na viazi, maziwa, chai na siku hizi parachichi, ndizo zilizolipa ada za watoto wengi wa Wilaya ya Rungwe waliokwenda kusoma Mbeya, Iringa, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam.

Kwa mzazi wa huko, siku mtoto anapopata nafasi chuoni ndiyo siku anayoihesabu kuwa kazi kubwa imekwisha. Kinachobaki ni kutafuta ada, kumwombea afya na kusubiri mahafali. Lakini ipo siku ambayo wazazi wachache hujiandaa nayo: mtoto anarudi likizo na kueleza kwamba anataka kuhama chuo, au kwamba chuo chenyewe hakiwezi tena kuendelea kumfundisha.

Maswali ya mzazi huwa mepesi kuyauliza na magumu kuyajibu. Je, masomo aliyokwisha kufaulu yatahesabiwa? Mkopo wa Serikali utamfuata? Ada iliyolipwa itarudi? Na kama ataongeza mwaka, nani atamlisha?

Maswali hayo si ya familia moja. Ni suala la elimu ya juu nzima, na historia ya miaka ya karibuni inaonyesha kuwa lilipotokea kwa ghafla, waliokuwa na maandalizi walikuwa wachache.

Makundi matatu

Wanaohama wanaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekwisha kudahiliwa, akabaini kwamba programu au chuo alichochagua hakimfai. Huenda ni ada, huenda ni ugonjwa, huenda ni umbali kutoka nyumbani. Kundi hili lina njia yake. Katika kalenda ya udahili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutenga muda wa uhamisho baada ya madirisha ya udahili kufungwa. Maombi hupitia vyuoni, na sharti la msingi ni kwamba mwanafunzi awe na sifa za kuingia katika programu anayoiendea, na nafasi iwe ipo.

La pili ni la mwanafunzi wa chuo cha kati anayesoma stashahada na kulenga chuo kikuu. Ndilo kundi lenye vijana wengi wa maeneo kama Rungwe, kwa sababu vyuo vya kati viko karibu. Tukuyu na Mpuguso kuna vyuo vya ualimu. Uyole, jijini Mbeya, kuna chuo cha kilimo. Kisheria huyu hahami bali huomba udahili upya. Hata hivyo, machoni pake na mwa mzazi wake ni safari moja inayoendelea.

La tatu ni la yule asiyetaka kuhama, bali analazimika kuhama kwa sababu programu au chuo chake kimefungwa. Kundi hili ndilo linalopima kama mfumo wa uhamisho unafanya kazi.

Historia ya karibuni

Mwezi Februari 2016, TCU ilifuta idhini ya vyuo vya Songea vilivyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, na baadaye mwaka huo huo ikafuata kampasi ya Arusha. Wanafunzi walihamishiwa vyuo vingine nchini. Kijana aliyepanga kumaliza masomo akiwa Songea alijikuta katika mji mwingine, chini ya mtaala mwingine na kanuni nyingine za mitihani.

Mwishoni mwa Mei mwaka huo huo, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani. Baada ya uhakiki wa sifa zao, wachache waliendelea Dodoma, na wengi wakapelekwa katika vyuo vya ualimu vya Serikali. Kwa hiyo uhamisho uliwapeleka njia iliyo kinyume na ile wanayoiota wengi, yaani kutoka chuo kikuu kwenda chuo cha kati.

Mwaka 2017, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia programu 75. Mwaka 2020 ikafuta vyuo kadhaa vilivyoshindwa kutimiza masharti, na wanafunzi wakatakiwa kuhamia kwingine.

Hakuna anayepinga kwamba mdhibiti ana wajibu wa kuzuia elimu duni. Shahada isiyo na walimu wala maabara ni hasara kubwa kuliko usumbufu wa kuhama. Hoja ni nyingine: adhabu inapomshukia mwenye chuo, anayefunga virago ni mwanafunzi, ambaye hakuhusika na upungufu uliosababisha adhabu hiyo.

Hesabu ya krediti

Kitu kinachobebwa na mwanafunzi anapohama ni krediti. Katika mfumo wa Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikihesabiwa saa za darasani, mazoezi na kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo ya shahada una krediti 120, hivyo shahada ya miaka mitatu hukamilika kwa krediti 360.

Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi anayehama baada ya mwaka mmoja amekwisha kutumia saa 1,200. Chuo kinachompokea kikikataa krediti 40 kwa sababu masomo hayafanani, saa 400 zimepotea, ambazo ni theluthi moja ya mwaka. Pengine atalazimika kurudia masomo aliyoyafaulu, na pengine masomo hayo hufundishwa muhula ambao umekwisha kupita.

Ndiyo maana jina la somo pekee halitoshi. Chuo kinachopokea hutazama yaliyofundishwa, idadi ya krediti na daraja la ufaulu. Mwanafunzi aliyehifadhi maelezo ya kila somo, yanayoonyesha mada na saa zake, ana hoja ya kujitetea. Asiye nayo hubaki kutegemea hisani ya ofisi ya chuo anachokihama, ambacho huenda kimekwisha kufungwa.

Ikumbukwe pia kwamba uhamisho si mlango wa nyuma kwa mwanafunzi aliye'disko', kama wanavyosema wenyewe vyuoni. Huhitaji mwanafunzi mwenye matokeo yanayoridhisha. Aliyeondolewa kwa kushindwa mitihani hufuata utaratibu mwingine wa kuomba upya.

Kwa anayetoka chuo cha kati, hesabu ni kali zaidi. Ili adahiliwe chuo kikuu kwa stashahada, anatakiwa awe na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, bila kusahau masharti ya programu husika. Anahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kwa kifupi chake AVN, inayotolewa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Namba hiyo haipatikani mpaka chuo chake kiwe kimewasilisha matokeo. Chuo kikichelewa, mwanafunzi huchelewa, hata kama amefaulu vizuri kiasi gani.

Akishapita vizingiti hivyo, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza, benchi moja na aliyetoka kidato cha sita. Miaka ya stashahada humfungulia mlango, lakini mara nyingi haimpunguzii safari.

Fedha hazihami kirahisi

Suala la fedha ndilo linalowaumiza wazazi zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mkopo kwa mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo na programu inayojulikana. Sehemu ya ada hulipwa chuoni, na fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita 'bumu', humfikia mwanafunzi. Jina lake likihama bila kumbukumbu za mkopo kuhama pamoja nalo, anaweza kufika chuo kipya akiwa na barua ya kupokelewa lakini hana fedha ya kula.

Kiwango cha fedha za chakula na malazi kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Mwanafunzi anayelazimika kuongeza mwaka mmoja nje ya muda wa mkopo wake, tuseme siku 240 za masomo, atahitaji Sh2,400,000 kwa kiwango hicho hicho, kabla ya kuhesabu ada, nauli na vitabu. Kwa familia inayouza ndizi barabarani Kyimo, hizo si fedha za kuokota. Ni ng'ombe wa maziwa anayeuzwa au shamba linalokodishwa.

Na hata pale mkopo unapopatikana, mwaka wa ziada ni deni la ziada. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Wengine wamefanyaje

Katika jimbo la California, Marekani, mpango mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960 uliweka njia rasmi ya mwanafunzi kuanza miaka miwili katika chuo cha jamii kilicho karibu na kwao, kisha kuhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Vyuo vya pande zote mbili huandikiana mapema ni somo gani litakubaliwa. Mtoto wa kipato cha chini huokoa gharama za miaka miwili, na chuo kikuu hupata mwanafunzi aliyekwisha kupimwa.

Ulaya nayo ilianzisha mfumo wake wa krediti mwaka 1989, ambapo mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na mwanafunzi huweza kusoma nchi moja na kuhesabiwa katika nyingine. Afrika Mashariki haikubaki nyuma kwa maneno. Mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walilitangaza eneo hili kuwa eneo moja la elimu ya juu, kazi yake ikiratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala.

Tanzania yenyewe imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, wanafunzi wa udaktari kutoka nchi hiyo walipokewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ili waendelee na mafunzo kwa vitendo. Kama milango ilifunguliwa kwa waliokimbia risasi Khartoum, haiwi vigumu kuufungulia utaratibu huo huo mtoto wa Rungwe anayetoka Uyole kwenda Morogoro kusomea kilimo.

Nini kifanyike

Kwa upande wa mwanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maandalizi ya kuhama huanza siku ya kwanza chuoni, hata kwa asiye na nia ya kuhama. Atunze matokeo ya kila muhula, maelezo ya kila somo, stakabadhi za ada na barua ya udahili. Kabla ya kutamka neno la kuhama, ahakikishe kwamba chuo anachokiendea kimesajiliwa, na kwamba programu anayoitaka imeidhinishwa, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa halali na programu yake moja isiwe halali. Asiondoke chuo cha zamani kabla ya kupokelewa kwa maandishi, na aitaarifu Bodi ya Mikopo mapema kupitia ofisi ya mikopo ya chuo.

Kwa upande wa mamlaka, yapo mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Mosi, kila chuo kitangaze hadharani ni masomo gani ya vyuo jirani kinayoyatambua, ili mwanafunzi ajue hesabu yake kabla ya kufunga safari. Mbeya pekee ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji na ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe; hakuna sababu ya majirani hao kutojuana kwa krediti. Pili, chuo kinapofungwa kwa makosa ya mwenye chuo, krediti za mwanafunzi zilizopatikana kihalali zilindwe na gharama za kumhamisha zisiwe juu ya mzazi. Tatu, kumbukumbu za mkopo zihame kwa mawasiliano ya ofisi kwa ofisi, badala ya mwanafunzi kugeuzwa tarishi kati ya Mbeya na Dar es Salaam.

Muda wa uhamisho ni mfupi, na taarifa zake hutolewa kwa mtandao. Kijana aliye Dar es Salaam huzisoma siku hiyo hiyo. Aliye likizo Kyimo, simu ikiwa haina salio, anaweza kuzipata dirisha likiwa limefungwa. Kanuni inayowahusu wote haina budi kuwafikia wote, zikiwamo shule za sekondari na ofisi za kata ambako wazazi hufika.

Mzazi aliyeuza ndizi kulipa ada hakununua jina la chuo. Alinunua elimu ya mwanawe. Elimu hiyo ikipotea njiani kwa sababu karatasi ya ofisi moja haikusomeka katika ofisi nyingine, hasara si ya Kyimo peke yake. Ni ya taifa lililomkopesha kijana huyo likimtarajia awe mwalimu, mganga au bwana shamba.