MKUKI KWA NGURUWE

Wako watu wasemao kwamba habari za mabenki na mahakama ni mambo ya mawakili na matajiri, hazimhusu mkulima wala kuli wa bandarini. Sisi twasema wamekosea. Nchi inayouza mazao yake ng'ambo, na kununua saruji na mashine huko huko, haina budi kujua fedha zake hupitia mlango gani, na ni nani awezaye kuufunga.

Desturi ya biashara hiyo ni hii. Muuzaji hamjui mnunuzi, na mnunuzi hamjui muuzaji. Kila mmoja achelea kutangulia. Basi benki husimama katikati na kutoa barua ya ahadi: mwenye mali akileta hati za shehena, za bima na nyingine zilizotajwa, atalipwa. Benki haifungui makasha; yatazama karatasi. Ndivyo zisemavyo kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris zilizoanza kutumika mwaka 2007, na ndivyo ilivyokuwa hata kabla yake.

Lakini ugomvi ukizuka, upande mmoja hukimbilia kwa jaji kuomba amri kwamba benki isilipe. Je, jaji akubali?

Mwaka 1941, huko New York, mnunuzi aitwaye Sztejn alidai kwamba aliagiza manyoya magumu ya nguruwe kutoka India, na muuzaji akapakia makasha 50 ya nywele za ng'ombe na takataka. Jaji Shientag alisema kwamba ugomvi juu ya ubora wa mali hauwezi kuizuia benki. Lakini ikiwa madai yale ni kweli, hiyo si mali hafifu, ni ulaghai. Na benki ikiarifiwa kabla ya kulipa, mahakama yaweza kuzuia malipo. Tangu hapo mlango ni huo mmoja, nao ni mwembamba.

Sasa tazameni Afrika. Kampuni ya Kiingereza ya Edward Owen ilipatana kujenga nyumba za vioo za kuoteshea mimea nchini Libya, ikatoa dhamana ya benki ya asilimia 10 ya bei. Kampuni ikasema Walibya hawakufungua barua ya malipo kama walivyoahidi, ikaacha kazi. Walibya wakadai fedha za dhamana. Kampuni ikapata amri ya muda ya kuzuia malipo, lakini amri ile ikaondolewa. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, Lord Denning akiwa mmoja wa majaji, ilisema benki imeahidi na sharti ilipe, isipokuwa kuna ulaghai ulio wazi ambao benki yaujua. Mwafrika akisoma hukumu hiyo atasema: haki imetendeka!

Ngojeni kwanza. Mwaka 1975 Nigeria ilikuwa imeagiza saruji kupita kiasi ambacho bandari ya Lagos iliweza kupakua. Meli mamia zikatia nanga zikingoja. Serikali ikageuka, na Benki Kuu ikakataa kulipa kwa barua zake yenyewe. Kampuni ya Trendtex ya Uswisi, iliyouza tani 240,000, ikaishtaki London. Benki Kuu ikajitetea kwamba ni mkono wa dola na haishtakiwi. Mwaka huo huo wa 1977, mahakama ile ile, na Lord Denning yule yule, ikakataa kinga hiyo, na fedha za Nigeria zilizokuwa London zikazuiwa kwa amri ya mahakama.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Hatuwezi kuipenda kanuni siku tunapodai, na kuichukia siku tunapodaiwa. Ahadi ni deni, kwa Mzungu na kwa Mwafrika.

Kwa hiyo twasema haya. Mahakama zetu zisitoe amri ya kuzuia benki kwa kiapo cha upande mmoja tu, bila ushahidi wa ulaghai ulio dhahiri. Muuzaji wa ng'ambo akijua kwamba ahadi ya benki yetu yavunjwa kwa urahisi, atapandisha bei au atadai benki ya Ulaya iwe mdhamini juu yetu, na gharama hiyo ataibeba mwananchi dukani.

Pili, serikali na vyama vya ushirika visitie sahihi kwanza na kusoma baadaye. Ikiwa benki yatazama karatasi tu, basi na tudai karatasi yenye maana: hati ya mkaguzi tunayemwamini, aliyeyaona makasha kabla hayajapakiwa. Saruji ya Nigeria haikuletwa na jaji. Iliagizwa kwa kalamu. Na anayepewa kalamu ya nchi, na aulizwe kwanza bandari yake yapakua tani ngapi.